Vitenzi vya Maneno Mawili vya Kiingereza: Orodha Haitoshi

Utangulizi

Mwanafunzi anayesomea Kiswahili mjini Bujumbura ana mzigo ambao mwenzake wa Dar es Salaam hana. Nyumbani anasema Kirundi. Masomo mengi amesomeshwa kwa Kifaransa. Kiswahili ndilo somo lake kuu. Kisha, akianza kuandika tasnifu, anakuta kwamba sehemu kubwa ya maandishi ya isimu ya Kiswahili yako kwa Kiingereza, tangu sarufi ya Ashton ya mwaka 1944 hadi utafiti wa Nurse na Hinnebusch wa mwaka 1993 kuhusu Kiswahili na lugha za Kisabaki.

Katika vitabu hivyo, istilahi ngumu si tatizo kubwa. Neno la mofimu au la fonimu amekwisha kulizoea, na likimpotea anajua pa kulitafuta. Kinachomkwamisha ni maneno madogo yanayoonekana mepesi: "rule out", "draw on", "account for", "bring about", "set aside". Kila neno peke yake alilijua tangu shule ya sekondari. Yakikaa mawili pamoja, maana aliyoijua inatoweka, na mara nyingi hana hata habari kwamba imetoweka. Hapo ndipo penye hatari.

Makala haya yanahakiki njia iliyozoeleka ya kufundisha vitenzi hivyo, yaani orodha ya kukariri. Dai langu ni kwamba orodha inaficha kile ambacho mwanafunzi anahitaji kukiona, na kwamba Mrundi anayejua Kiswahili tayari anao mlango wa kuingilia, ila hatujamwonyesha.

Kwanza, jina. Baadhi yetu huviita vitenzi hivi "virai vitenzi". Jina hilo linatatiza, kwa kuwa katika sarufi ya Kiswahili kirai kitenzi ni fungu zima la maneno linalotawaliwa na kitenzi, jambo jingine kabisa. Hapa nitaviita vitenzi vya maneno mawili, ingawa vipo vya maneno matatu, na lile neno dogo linalofuata kitenzi nitaliita kijineno.

Kwa nini jambo hili linatuhusu

Wapo watakaosema kwamba hii ni kazi ya walimu wa Kiingereza. Sikubaliani nao. Mkataba wa Jumuiya ya Afrika Mashariki wa mwaka 1999, katika kifungu cha 137, ulikifanya Kiingereza kuwa lugha rasmi ya Jumuiya na kutaka Kiswahili kiendelezwe kuwa lugha ya mawasiliano mapana. Burundi iliingia rasmi katika Jumuiya hiyo tarehe 1 Julai 2007. Katika miaka hiyo ya 2000 Kiingereza na Kiswahili viliingizwa katika shule zetu za msingi, na mwaka 2014 sheria ya lugha ikakiweka Kiingereza miongoni mwa lugha rasmi za nchi. Matokeo yake ni kwamba mhitimu wetu anaombwa kutafsiri kutoka Kiingereza kuja Kiswahili, awe alijiandaa au hakujiandaa.

Tutazame mfano mmoja. Kamati ikisema kwamba "money was set aside", fedha zimetengwa; zipo, na zina kazi yake. Mahakama ikisema kwamba "the decision was set aside", uamuzi umetenguliwa, haupo tena. Kitenzi ni kilekile na kijineno ni kilekile. Mtafsiri aliyekariri maana moja ataandika kwamba uamuzi umetengwa, na msomaji ataelewa kwamba umewekwa mahali ukisubiri kutekelezwa. Kati ya kutenga na kutengua pana silabi moja tu, lakini mtu anaweza kupoteza kiwanja chake hapo.

Katika tasnifu madhara ni ya namna nyingine, ila ni madhara vilevile. Mwandishi akiandika kwamba ushahidi fulani "rules out" maelezo ya pili, anayaondoa maelezo hayo, hayawezekani tena. Mwanafunzi akiona "rule" anakumbuka kanuni na utawala, na anaandika kwamba mwandishi ameweka kanuni juu ya maelezo ya pili. Amemgeuza mtaalamu aseme kinyume cha alichosema, kisha akamtaja kwa jina na mwaka kama kawaida. Anayesahihisha asipokuwa na kitabu chenyewe mkononi hataligundua kosa, kwa sababu sentensi ya Kiswahili ni sanifu.

Kasoro za orodha

Orodha ninazozisema zinafahamika. Ni kurasa kadhaa zilizotolewa fotokopi, upande wa kushoto kitenzi cha Kiingereza, upande wa kulia neno moja la Kifaransa, na safari hizi neno moja la Kiswahili. Hupita kutoka mkono hadi mkono, na karibu na mtihani hukaririwa kama aya za sala. Nina hoja tatu dhidi yake.

Hoja ya kwanza ni mpangilio. Orodha hufuata kitenzi: "take" na ndugu zake wote, kisha "turn" na ndugu zake wote. Mwanafunzi anadhani kwamba maana inakaa katika "take" na kwamba kijineno ni pambo. Mara nyingi mambo ni kinyume. Weka pamoja "use up", "eat up", "drink up" na "dry up", na utaona kwamba "up" ndiyo inayofanya kazi: jambo limefika mwisho, hakikubaki kitu. Weka pamoja "switch off", "call off" na "cut off": "off" inakata mwendo au uhusiano. Orodha inayofuata kitenzi imewatawanya ndugu hawa wa kweli, ikawakusanya watu waliofanana jina tu.

Hoja ya pili ni neno moja kwa kitenzi kimoja. "Take off" inapewa maana ya ndege kuruka. Lakini nguo nayo hu-"take off", yaani huvuliwa. Na biashara ikianza kushamiri ghafla husemwa neno hilohilo. Nani anaamua maana? Ni kile kinachotenda au kinachotendwa: ndege, nguo, biashara. Hili halipaswi kumshangaza msemaji wa Kiswahili. Sisi tunapiga simu, tunapiga pasi, tunapiga picha, tunapiga kura na tunapiga magoti, wala hatumwambii mgeni kwamba "piga" ina maana moja. Tunamwambia atazame kinachopigwa. Kwa nini tusimwambie mwanafunzi wetu maneno hayohayo anaposoma Kiingereza?

Hoja ya tatu inahusu Kifaransa. "Put up with" katika orodha huelekezwa kwenye "supporter", na kwa Kifaransa hilo ni sahihi. Mwanafunzi akirudi Kiingereza anachukua "support", kwa kuwa linafanana, na anaandika kwamba hawezi ku-"support" kelele za jirani. Kumbe kwa Kiingereza amesema hawezi kuziunga mkono. Kiswahili kina "kuvumilia", neno lisilo na mtego huo, lakini hakikuulizwa. Sisemi kwamba Kifaransa kifukuzwe darasani. Ninasema kwamba neno moja la Kifaransa halielezi namna maneno mawili ya Kiingereza yanavyoungana, na wakati mwingine linachimba shimo jipya.

Je, kamusi zinatusaidia?

Zinatusaidia, kwa kiasi. Lakini tukumbuke zilitungwa kwa ajili ya nani. Kamusi ya Kiingereza na Kiswahili ya Madan ya mwaka 1894, na ile ya Johnson ya mwaka 1939 iliyojengwa juu yake, zilimlenga kwanza Mwingereza aliyetaka kusema Kiswahili. Mtu huyo alijua tayari "give up" ni nini. Alitafuta tu Waswahili husemaje. Mwanafunzi wetu anatoka upande wa pili. Kiswahili anacho, asichokijua ni kwamba "give" na "up" katika sentensi ile ni kitu kimoja. Atafungua "give", asome "toa", afunge kamusi akiwa ameridhika. Kamusi ya TUKI ya mwaka 1996 ilikuja karibu zaidi na mahitaji ya msomaji wa Afrika Mashariki, na vitenzi hivi huvipa nafasi chini ya kitenzi kikuu. Hata hivyo, kamusi ya lugha mbili kazi yake ni kutoa visawe. Haiwezi kumfundisha mtu kushuku.

Ugumu huu si aibu ya Mrundi. Samuel Johnson alipotoa kamusi yake kubwa ya Kiingereza mwaka 1755 alieleza katika dibaji kwamba muungano wa kitenzi na kijineno ndio unaowatesa wageni zaidi. Mwaka 1930 Ogden alitunga Kiingereza chepesi cha maneno 850, na ndani yake akaacha vitenzi 18 tu. Aliweza kufanya hivyo kwa sababu vitenzi vichache kama "put", "take" na "give" vikiunganishwa na vijineno hufanya kazi ya vitenzi vingi. Idadi ya maneno ilipungua, lakini uzito ulihamia mahali pasipoonekana. Huo ndio uwongo wa maneno mepesi: hesabu ni ndogo, maana ni nyingi. Kwa upande wa vitabu vya marejeo, kamusi maalumu ya vitenzi hivi iliyotolewa na Collins COBUILD mwaka 1989 ilikuwa hatua kubwa, kwa kuwa ilieleza maana kwa sentensi zinazotumika kweli. Lakini imeandikwa kwa Kiingereza chote, na anayeanza hawezi kuitumia bila mwalimu.

Mlango wa nyumbani

Tuje sasa kwenye mlango nilioutaja. Una sehemu tatu.

Sehemu ya kwanza ni njia ya mwendo. Mwanaisimu Leonard Talmy alieleza mwaka 1985 kwamba lugha hutofautiana mahali zinapoiweka njia ya mwendo. Kiingereza huiweka katika kijineno, na kitenzi hueleza namna ya kwenda: "run out", "crawl in", "swim across". Kiswahili huiweka njia katika kitenzi chenyewe: toka, ingia, vuka, panda, shuka. Namna ya kwenda ndiyo inayofuata nyuma: alitoka mbio, aliingia kwa kutambaa, alivuka kwa kuogelea. Kwa hiyo kanuni ya kutafsiri ni kupindua: kijineno cha Kiingereza kiwe kitenzi cha Kiswahili, na kitenzi cha Kiingereza kiwe kielezi. Mwanafunzi akilielewa hili kwa somo moja, hataandika tena "alikimbia nje" mahali pa "alitoka mbio". Katika hili Kifaransa kiko upande wetu, na mwalimu anaweza kukitumia kama shahidi.

Sehemu ya pili ni minyambuliko. Kiswahili nacho hukiongezea kitenzi kipande kidogo na kuibadili maana, tofauti ni kwamba kipande hicho kimeshikana na mzizi. Enda ni "go". Endelea ni "go on". Shika ni "hold". Shikilia ni "hold on to". Pita ni "go" au "pass". Pitia, kama unavyopitia daftari usiku wa mtihani, ni "go through". Mtu huingia nyumbani, lakini huingilia mazungumzo, na Mwingereza huyu wa pili atasema "butts in". Tuna pia kauli ya kutendua: vaa na vua, chomeka na chomoa, kunja na kunjua. Mwingereza anayevaa na kuvua anatumia "put on" na "take off". Anayekunja na kukunjua mkeka anasema "roll up" na "roll out". Kazi ambayo sisi tunaifanyia ndani ya kitenzi, yeye anaifanyia nje yake. Mwanafunzi anayefundishwa kauli hizi kila muhula hajawahi kuambiwa kwamba ndizo dawa ya kinachomsumbua kwenye maktaba.

Sehemu ya tatu ndiyo tunayoipuuza zaidi, nayo ni Kirundi. Kirundi kina vijineno vinavyofuata kitenzi: -ho, -ko, -mwo na -yo. Kiswahili sanifu kinavijua kwa sura ya po, ko na mo, kama katika yupo, yuko na yumo, lakini hakivitumii kwa uhuru huohuo. Mrundi husema "gushiramwo" kwa kutia ndani na "gukuramwo" kwa kutoa ndani. Mpaka hapo maana ni ya mahali tu. Lakini husema pia "gushiraho" kwa kuunda au kuteua, kama tume inapoundwa, na hapo hakuna mahali panapoonekana kwa macho. Mwingereza kwa jambo hilohilo anasema "set up". "Gusubira" ni kurudi, "gusubirayo" ni kurudi huko, lakini "gusubiramwo" ni kurudia jambo au kudurusu somo. Hakuna Mrundi anayeuliza amerudi ndani ya nini. Anaelewa, kwa kuwa tangu utoto amesikia kijineno cha mahali kikiacha mahali na kushika kazi nyingine. Hiki ndicho kinachofanywa na "up", "out" na "over" katika Kiingereza. Mtoto wa Gihosha anakijua kisa hiki kabla hajashika kalamu. Sisi tumempa fotokopi.

Pingamizi mbili

Pingamizi la kwanza ni kwamba kuleta Kirundi katika darasa la Kiswahili ni kurudisha nyuma kazi ya miaka mingi, kwani tunapambana kila siku na Kiswahili chenye lafudhi na miundo ya Kirundi. Hofu hiyo ina msingi. Lakini kulinganisha lugha si kuzichanganya. Anayechanganya ni yule asiyejua mpaka uko wapi, na mpaka huonekana pale tu pande zote mbili zinapotazamwa kwa pamoja.

Pingamizi la pili ni zito zaidi: ulinganishi huu haufiki mwisho wa safari. Ni kweli. Hakuna mnyambuliko wa Kiswahili wala kijineno cha Kirundi kitakachomfikisha mtu kwenye maana ya kuvumilia kwa kuchambua "put", "up" na "with" moja moja. Vipo vitenzi vya maneno mawili ambavyo ni nahau kamili, na nahau hujifunzwa nzima. Lakini hata hapa tuna uzoefu. "Give up" kwetu ni kukata tamaa. Je, tamaa hukatwa kwa kisu? Mgeni anayejifunza Kiswahili hukubali kukata tamaa, kukata rufaa na kukata shauri bila kudai sababu. Nasi tukubali vilevile. Kosa ni kuvifanya vyote kuwa nahau, kisha kuvikariri vyote kwa uchungu uleule, wakati sehemu kubwa ina mantiki inayoweza kuelezwa.

Mapendekezo

Napendekeza hatua nne ambazo hazihitaji fedha wala kitabu kipya.

Kwanza, tuwafundishe wanafunzi kushuku. Kila kitenzi kifupi cha Kiingereza kinachofuatwa na neno kama "up", "out", "off", "on" au "over" kitazamwe mara mbili kabla ya kutafsiriwa.

Pili, tuwape kipimo cha kutambua kama maneno hayo mawili ni kitu kimoja. Linganisha "she looked up the road" na "she looked up the word". Katika ya kwanza mtu anatazama upande wa juu wa barabara. Katika ya pili anatafuta neno katika kamusi. Sasa weka kiwakilishi: kwa neno utasema "she looked it up", kiwakilishi kikiingia katikati, kwa barabara huwezi. Kiwakilishi kikikubali kukaa katikati, jua kwamba uko mbele ya kitenzi cha maneno mawili. Si vyote hukubali, kwa mfano "look after" hukataa, lakini kinapokubali ni ushahidi mzuri. Tukumbushe pia kwamba hapo katikati ndipo pake pa lazima. Wanaoandika "pick up them" wakumbuke kwamba hata Kiswahili hukiingiza kiwakilishi cha yambwa ndani ya kitenzi: waokote, si okota wao.

Tatu, tupange mifano kwa vijineno, si kwa vitenzi. Wiki moja iwe ya "up" ya kumaliza, nyingine iwe ya "out" ya kutoka, ya kugawa na ya kudhihirika: "go out", "hand out", "find out".

Nne, mifano itoke katika vitabu ambavyo wanafunzi wanavisoma kwa tasnifu zao, na kila mfano uandikwe na sentensi yake nzima pamoja na tafsiri yake. "The chapter draws on old letters" haiwezi kuwa "sura inachora juu ya barua za kale". "Draw" ya hapo ni ndugu ya kuteka maji, basi sura hiyo inachota kutoka katika barua za kale. Ona jinsi Kiswahili kilivyokuwa na neno lake tayari, zuri kuliko tulivyotarajia.

Hitimisho

Sijadai kwamba vitenzi hivi ni rahisi. Nimedai kwamba tumeviongezea ugumu kwa kuvifundisha kama majina ya wafalme, jina moja baada ya jingine bila sababu. Mhitimu wa Kiswahili wa Burundi ni mtu wa lugha nne, na hali hiyo tumezoea kuisema kwa masikitiko, kana kwamba ni ugonjwa. Katika suala hili lugha nne ni mtaji: Kirundi kinampa vijineno, Kiswahili kinampa minyambuliko, Kifaransa kinampa shahidi wa kulinganisha, na Kiingereza kinabaki kuwa kile kinachotakiwa kueleweka. Asipoonyeshwa namna ya kuutumia mtaji huo, ataendelea kuwataja wataalamu kwa jina na mwaka huku akiwasemesha wasiyoyasema, na tafsiri zake zitakuwa na Kiswahili safi chenye habari za uongo. Walimu wenzangu wanaosahihisha tasnifu mwaka huu waanzie hapo: wafungue kitabu kilichotajwa, watazame kitenzi, kisha watazame neno dogo linalokifuata.